Mzigo Upimwe: Kulinda Mgongo Katika Kazi za Kila Siku

*Mhadhara uliotolewa Moshi mbele ya walimu, wauguzi, viongozi wa masoko na wananchi*

Nawashukuru mliofunga vibanda mapema ili mje kusikiliza habari za kiuno. Najua saa moja ya biashara ina thamani gani mwezi wa mavuno.

Kazi yangu ni fiziotherapia. Wanaokuja kwangu ni kuli aliyekaza mgongo akiwa na gunia begani, mama asiyeweza kunyanyuka baada ya palizi, dereva wa daladala, fundi cherehani, muuguzi aliyemgeuza mgonjwa mzito peke yake usiku. Karibu wote huanza kwa kujilaumu: niliinama vibaya, nilinyanyua vibaya. Jioni hii nimekuja kuwatetea. Kusudi la mhadhara wangu ni kuonyesha kwamba mgongo wa mtu wa kazi hulindwa kwanza na uzito wa mzigo, urefu wa mpini na kimo cha meza. Mafunzo ya namna ya kuinama yanafuata baadaye sana. Nitaeleza kwa hoja tano, na nyingine nitaipitia kwa haraka.

Hoja ya kwanza: mgongo una nguvu, na kazi ni chakula chake

Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na watafiti wanakadiria kwamba ifikapo mwaka 2050 watakuwa milioni 843. Hakuna hali nyingine ya afya inayowafanya watu wengi kiasi hicho kuishi na ulemavu. Hata hivyo, katika kila wagonjwa kumi wa kiuno, kwa takribani tisa hakuna daktari anayeweza kugusa mahali pamoja na kusema hapa ndipo palipoharibika. Huenda misuli imechoka, kano zimevutwa, viungo vidogo vya pingili vimekereka, au hayo yote yako pamoja. Maumivu ni ya kweli kabisa. Lakini mgongo haujavunjika, na wengi hupata nafuu katika wiki chache.

Nalisema hili mapema kwa sababu hofu nayo inaumiza. Zamani mgonjwa wa kiuno aliambiwa alale chali asitikisike. Mwaka 1986 Richard Deyo na wenzake huko Marekani walilinganisha wagonjwa walioshauriwa kulala siku mbili na walioshauriwa kulala siku saba. Wa siku mbili hawakuchelewa kupona, na walirudi kazini mapema zaidi. Mwaka 1995 watafiti wa Finland walikwenda mbele zaidi: walioendelea na shughuli zao za kawaida, kwa kadiri maumivu yalivyowaruhusu, walipona vizuri kuliko waliolala. Kwa hiyo bibi akishikwa na kiuno, msimwekee kitanda cha mwezi mzima. Mpunguzieni mizigo, lakini mwacheni atembee uani.

Zipo dalili ambazo hazingojei mhadhara. Mtu mwenye maumivu ya mgongo akianza kufa ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, akishindwa kuzuia au kutoa haja, au mguu ukilegea, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Vilevile mwenye homa, anayekonda bila sababu, anayetoka jasho usiku, au anayeumwa zaidi akiwa amelala. Huku kwetu kifua kikuu huingia hata kwenye pingili za mgongo, na kikiwahiwa kinatibika kwa dawa. Na aliyeanguka kutoka mtini au kwenye pikipiki asikandwe na mtu yeyote kabla hajapimwa.

Hoja ya pili: umbali wa mzigo na mwili

Naomba kila mwenye chupa ya maji aishike mkononi na kunyoosha mkono mbele, moja kwa moja. Ishikilieni hivyo. Sasa irudisheni kifuani. Maji hayakupungua hata tone, lakini bega limepumua.

Ndivyo ilivyo kiunoni, ila nguvu za kule ni kubwa mno. Misuli inayoushikilia mgongo hupita takriban sentimita tano nyuma ya diski, zile gegedu zilizo kati ya pingili na pingili. Ukishika mzigo nusu mita mbele ya mwili, misuli hiyo inalazimika kuvuta kwa nguvu ya karibu mara kumi ya uzito wa mzigo. Kwa ndoo ya kilo 20 ni kama kilo 200, na bado hatujaweka uzito wa kifua na kichwa chako mwenyewe. Nguvu yote hiyo inaibana diski.

Mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na wenzake huko Ujerumani walichapisha vipimo vilivyochukuliwa ndani ya diski ya mtu hai aliyejitolea. Alipolala chali shinikizo lilikuwa megapaskali 0.1, na aliposimama wima 0.5. Alipokumbatia mzigo wa kilo 20 karibu na mwili lilipanda hadi 1.1. Mzigo ule ule ukiwa sentimita 60 mbele ya kifua, 1.8. Aliponyanyua kutoka chini akiwa amekunja magoti ilikuwa 1.7, na aliponyanyua kwa mgongo uliopinda, 2.3. Alikuwa mtu mmoja tu, kwa hiyo tarakimu hizi tusizifanye msahafu, lakini mpangilio wake unakubaliana na hesabu za nguvu tunazofundisha darasani.

Angalieni vizuri. Kukunja magoti kumesaidia, ila kilichosaidia zaidi ni mzigo kuwa karibu na mwili na kutoanzia chini. Kwa hiyo ndoo iwekwe juu ya kizingiti cha kisima kabla ya kutwikwa. Gunia lipakuliwe kutoka kwenye gari hadi begani moja kwa moja, lisitupwe chini kisha likanyanyuliwa tena. Mtoto anayejifunza kutembea anyanyuliwe baada ya kumvuta karibu kabisa na kifua, na akibebwa kwa mbeleko mgongoni yuko mahali pazuri, kwa sababu uzito wake umegandana na wa mama. Ndiyo faida pia ya kubeba kichwani: mzigo unakaa juu ya nguzo ya mwili, hauvuti mbele.

Kuhusu hili wanawake wa Afrika Mashariki wameifundisha sayansi. Mwaka 1986 Profesa Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la *Nature* vipimo vya wanawake wa Kijaluo waliobeba kichwani na wa Kikikuyu waliobeba mgongoni kwa mkanda wa kwenye paji la uso. Waligundua kwamba wanawake hao walibeba mpaka asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi kuliko walipotembea mikono mitupu. Wataalamu walishangaa. Lakini fanyeni hesabu: kwa mama wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Ndoo ya lita 20 ni theluthi moja ya uzito wake. Ustadi wake umevukwa tangu pale bombani, na mzigo wa majani ya ng'ombe anaoupandisha kutoka tambarare hadi kihambani, kwenye shamba la nyumbani, unauvuka zaidi.

Hoja ya tatu: uzito wenyewe

Hapa ndipo ulipo moyo wa mhadhara wangu, na nitakaa kidogo.

Katika nchi nyingi waajiri wametumia fedha kufundisha wafanyakazi namna ya kunyanyua. Mwaka 2008 watafiti wakiongozwa na Kari-Pekka Martimo wa Finland walikusanya tafiti zilizopima mafunzo hayo. Hawakupata ushahidi kwamba waliofundishwa waliumwa migongo mara chache kuliko wasiofundishwa. Mikanda ya kiunoni nayo haikuonyesha kinga. Sisemi mafunzo yatupwe, maana nami nafundisha. Nasema mafunzo hayawezi kuufanya mzigo wa kilo 100 uwe wa kilo 50.

Shirika la Kazi Duniani lilitoa Pendekezo Namba 128 mwaka 1967: mwanamume mtu mzima, kwa kazi ya kila siku, asibebeshwe peke yake zaidi ya kilo 55, na mwanamke apewe uzito ulio chini ya huo kwa kiasi kikubwa. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, katika kanuni yake ya mwaka 1991, ilianzia kwenye kilo 23, na hizo ni kwa mazingira bora kabisa: mzigo karibu na mwili, kimo cha kiuno, bila kujipinda, mara chache. Kila sharti likikosekana, kilo zinapungua.

Sasa tuje nyumbani. Karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilitegemea wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32, mbali na vitu vyake mwenyewe. Pembe kubwa za ndovu zilizidi hapo, na njia ile ilizika watu wengi. Sisifii biashara ile hata kidogo. Lakini hata mwenye msafara aliyejali faida tu alijua kwamba ukimzidishia mpagazi hafiki. Leo kijana wa sokoni kwetu anawekewa begani gunia la kilo 100, wakati mwingine lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, linalozidi hapo, anapita juu ya ubao ulioegemezwa kwenye gari, na siku inakwisha hakuna aliyehesabu amepita mara ngapi.

Lumbesa tunaipiga vita, na kanuni zetu za vipimo haziruhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Sababu inayotajwa ni kumlinda mkulima asipunjwe, na ni sababu njema. Ila gunia halali la kilo 100 bado ni karibu mara mbili ya kiwango cha Shirika la Kazi Duniani. Sheria imelinda mfuko wa muuzaji, na bega la mbebaji halimo katika hesabu. Wenzetu wa Kenya, katika kanuni zao za viazi za mwaka 2019, walishusha gunia hadi kilo 50. Uingereza na nchi nyingi za Ulaya mfuko wa saruji ni kilo 25, nusu ya mfuko anaoubeba saidia fundi wetu kwenda ghorofani.

Na kama kuna anayesema kupima mizigo haiwezekani huku kwetu, apande kwenye geti la Machame au Marangu asubuhi. Wagumu wetu wanaowapandishia wageni vitu Kilimanjaro hupita kwenye mizani, na kiwango ni kilo 20 za mizigo ya msafara juu ya vitu vyao binafsi. Wapo wanaokwepa, na hilo lazima lisimamiwe. Lakini mizani ipo, kiwango kinajulikana, na mgumu anaweza kukinyooshea kidole. Kijana huyo huyo akishuka mlimani msimu wa wageni ukiisha, akaenda kupakua mahindi sokoni, kilo 20 zimekuwa 100 na hakuna mizani. Mgongo ni ule ule, Ndugu Mwenyekiti.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndiyo maana naomba upimwe. Asiyebeba hawezi kuukadiria kwa macho.

Kwa wauguzi, ambao mzigo wao ni binadamu na haugawanyiki, jibu ni watu wawili au zaidi, kitanda kilichopandishwa hadi kimo cha kiuno, na shuka la kumtelezesha mgonjwa badala ya kumnyanyua. Wodi yenye muuguzi mmoja usiku haiwezi kutekeleza hayo. Hilo ni suala la ajira, na linawahusu waheshimiwa madiwani mliokaa mbele.

Hoja ya nne: mpini, fagio na jiko

Kuinama si kosa. Mgongo umeumbwa uiname. Kinachouchosha ni kukaa umeinama saa nzima bila kurudi wima, kwa sababu misuli inanyimwa damu ya kutosha na kano zinavutwa polepole hadi zinalegea.

Katika jimbo la California, Marekani, vibarua wa mashamba ya mboga, wengi wao wenye asili ya Mexico, walilazimishwa kutumia jembe la mpini mfupi sana. Wasimamizi walidai linapalilia kwa uangalifu zaidi. Vibarua walijua pia kwamba humfanya msimamizi aone kwa mbali nani amesimama. Madaktari walitoa ushahidi juu ya migongo iliyoharibika, mawakili wa wanyonge wakafungua shauri, na mwaka 1975 jembe lile likapigwa marufuku. Wenye mashamba walitabiri hasara, lakini mboga ziliendelea kupaliliwa kwa jembe la mpini mrefu.

Huku kwetu hakuna anayemlazimisha mama kutumia mpini mfupi. Ni mazoea tu, na mti wa mpini uliopatikana. Basi wahunzi na wauza majembe walio hapa wanisikie: mpini wa palizi uwe na urefu wa kumwezesha mtu kupalilia akiwa ameinama kidogo tu, na dukani pawe na mipini ya vimo tofauti, kwa sababu baba na binti yake hawalingani. Fagio la chelewa lifungwe kwenye mti mrefu. Halina gharama, na bado katika nyumba nyingi binti anafagia uwanja mzima akiwa amejikunja.

Jikoni ni hivyo hivyo. Mafiga na jiko la mkaa viko chini, beseni la kufulia chini, vyombo vinaoshwa chini, mboga zinakatwa chini. Jengeni kiinuko cha tofali na udongo, jiko lipande hadi kimo cha nyonga, tena watoto wanaotambaa watakuwa mbali na moto. Wekeni beseni juu ya benchi. Nawaomba kina baba walichukue hili kama kazi yao ya Jumamosi moja.

Na maji. Serikali yetu ina kaulimbiu ya kumtua mama ndoo kichwani, na kwa macho yangu hiyo ni sera ya uti wa mgongo kama ilivyo ya maji. Bomba likisogea kutoka bondeni hadi karibu na nyumba, sisi wa fiziotherapia tunapoteza wagonjwa, na tunafurahi kuwapoteza. Mpaka hapo litakapofika, mtoto wa shule abebe dumu la lita 5 au 10. Lita 20 ni za mkokoteni au toroli.

Hoja ya tano: wanaokaa, na kila mtu asubuhi

Kwa makarani, madereva, mafundi cherehani na bodaboda nitasema machache. Hakuna kiti kinachoweza kumlinda mtu asiyeinuka. Simama kila nusu saa, hata kwa dakika moja. Dereva akiegesha gari baada ya safari ndefu, atembee kwanza, ndipo apakue mizigo. Mtikisiko wa barabara mbovu umechosha mgongo wake tayari.

Asubuhi ina tahadhari yake. Usiku diski hunyonya maji na kuvimba, ndiyo maana mtu huamka mrefu kidogo kuliko alivyolala. Diski iliyojaa hivyo huvutika zaidi mtu akiinama sana. Utafiti wa Stover Snook na wenzake wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba wenye maumivu sugu waliojizuia kuinama mapema asubuhi walipata nafuu. Kwa hiyo wapakuaji wa alfajiri waanze na mizigo myepesi, wapange na kusogeza, magunia yafuate baadaye.

Mtaniuliza kuhusu godoro. Utafiti wa Hispania wa mwaka 2003 uliolinganisha magodoro kwa watu 313 wenye maumivu ya kiuno uliona godoro gumu kiasi ni bora kuliko gumu sana. Aliyeambiwa alale sakafuni anaweza kurudi kitandani.

Na mazoezi? Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba mazoezi pamoja na elimu hupunguza uwezekano wa kuumwa tena kwa asilimia 45 hivi. Mwaka 2024 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya watu 701 waliokuwa wametoka kupona kiuno. Waliofuata mpango wa kutembea, kwa lengo la dakika 30 mara tano kwa wiki, walikaa siku 208, kwa kipimo cha kati (median), kabla ya maumivu kurudi. Ambao hawakupewa mpango huo, siku 112. Dawa hiyo haiuzwi, na inamfaa hasa mtu wa ofisini. Mama anayetembea kilometa kadhaa na mzigo kichwani nisimwongezee matembezi. Yeye anahitaji mzigo upungue.

Yaliyo mbele yetu

Msimu wa mahindi ujao utafika, magari yatapanga foleni kama kawaida. Waheshimiwa madiwani, nawaomba mizani iwekwe sehemu ya kushushia mizigo katika kila soko la manispaa hii, na pajengwe jukwaa la kimo cha gari ili vijana wasipite tena juu ya ubao. Viongozi wa vyama vya ushirika, anzeni kufungasha kilo 50 bila kungoja sheria ibadilike. Mkulima hatapunjika akiuza kwa kilo. Viongozi wa wachukuzi, kubalianeni kwamba gunia linalozidi hapo linabebwa na watu wawili na linalipiwa malipo ya watu wawili. Wauza saruji na wajenzi, ulizeni viwandani kuhusu mfuko wa kilo 25; mkiuliza wengi utatengenezwa. Walimu, hesabuni uzito wa madumu mnayowaagiza wanafunzi.

Nami niko tayari kuja sokoni asubuhi yoyote mtakayoniita, na mizani yangu mkononi, tuanze kupima pamoja.